Nje kuna saa zake

(Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa ukoo wetu kule Kibosho, mlimani Kilimanjaro, tarehe 27 Desemba, siku moja kabla hatujashuka kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka. Waliochelewa basi wameniomba niiandike. Nimeiandika vilevile nilivyoongea, hata pale mlipokuwa mnanicheka.)

Shikamooni wazee. Baba mkubwa mwenyekiti, shikamoo, mama wadogo, mashangazi, shemeji zangu wote mliooa na kuolewa huku mlimani, na nyie wa Dar mnaotokea mara moja kwa mwaka halafu mnauliza kwa nini njia ya kihambani, kwenye shamba letu la migomba, imeota majani, habari za Krismasi. Kaeni tu, msisimame, na kama kikombe cha mtori kiko mkononi endelea nacho.

Mwenyekiti kanipa dakika kumi akasema niongee na watoto kuhusu nyoka, kwa sababu kesho gari mbili zinaenda Chemka, keshokutwa maporomoko ya Materuni, na kuna wengine nasikia wanapanga mbuga ya Tarangire. Sawa, nyoka nitamfikia, ila niseme ukweli, kwenye hii kazi yangu ya kuendesha wageni, miaka ishirini na kitu sasa, watu wananiuliza simba, chui, nyoka, halafu anayewaangusha ni jua, nyuki na nyani. Na karibu kila mara nikiangalia nyuma nakuta mtu alikuwa mahali pazuri tu, kitu kizuri tu, ila saa mbaya. Nje kuna saa zake. Wanyama wana ratiba, wadudu wana ratiba, hata jua lina ratiba, sisi peke yetu ndo tunatoka nyumbani saa tano tukisema tuwahi.

Nianze na jua. Binamu yenu yule wa Ujerumani mwaka juzi alituletea familia mwezi wa saba, anasema amekuja summer, watoto wana kaptula na singlendi, wakashuka hapa Kibosho na ule ukungu wa Julai, siku ya pili wote wamevaa makoti ya babu. Summer ya wenzetu ni Juni mpaka Agosti, kwetu huo ni wakati wa meno kugongana. Kiangazi chetu ni sasa hivi mpaka masika yaanze mwezi wa tatu. Jua linapita juu kabisa ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na karibu tarehe 12 Machi, simama uwanjani saa sita na nusu mchana siku hizo uangalie kivuli chako, unakikuta chini ya viatu. Katikati ya tarehe hizo mbili ndo tunapochomeka, na Februari kule bondeni naomba nisiieleze mbele ya watoto.

Sasa nyie wa Dar najua mnachosema, sisi joto tumelizoea. Mmezoea joto la unyevu, lile linalokulowesha shati mpaka unajua kabisa kwamba umetoka jasho. Huku chini kuanzia Boma Ng'ombe kwenda Chemka hewa ni kavu, jasho linatoka na kukauka hapohapo, unajiona mkavu, unajiona uko fiti, kumbe maji yanakuisha mwilini kimyakimya. Halafu mnatoka hapa asubuhi na sweta kwa sababu Kibosho kuna baridi, mnashuka mita mia kadhaa, ndani ya saa moja na nusu mmebadilisha nchi, mwili bado uko mlimani. Kwa hiyo kunyweni maji kabla kiu haijaja, wazee na watoto muwakumbushe, na bia jamani, sikatazi bia mimi, nani atanisikiliza, ila bia inakukojoza kuliko inavyokunywesha, usiihesabu kwenye maji.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, misuli inakaza, huyo mtoe juani, mlaze kivulini, mpe maji kidogokidogo yenye chumvi na sukari, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha sio vya kurundika. Huyo atarudi. Lakini akianza kuongea ovyo, hajui yuko wapi, mwili unawaka, hapo hakuna kusubiri aamke mwenyewe wala kumwita mtu wa kumwombea kwanza. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na huku mnampepea gari linaenda hospitali, na msimnyweshe chochote mtu ambaye hajielewi, atapaliwa. Na mtoto haachwi kwenye gari lililofungwa vioo hata kama unaenda kukata tiketi tu dakika tano, gari ni oveni.

Materuni mtadanganywa na upepo, pale ni kijani na maji ya baridi, mtu anasema hamna jua leo, lakini kadiri unavyopanda juu ndivyo mionzi inavyokuwa mikali, jioni unakuta shingo imebabuka. Kofia za pama, mikono mirefu. Na kwa yule mtoto wetu mwenye ualbino, mama yake namwona pale, pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza losheni ya jua mahususi kwa wenye ualbino, usihangaike na hizi za barabarani ambazo hata tarehe imefutika, ulizia kule kliniki ya ngozi.

Haya, nyuki. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mimi ni muathirika.

Wengine mlikuwepo siku ile ya ubatizo kule Uru, mwezi wa pili, saa nane mchana. Nyumba ya zamani, darini kuna nyuki wamekaa miaka na miaka, bibi mwenye nyumba anawajua, wao wanamjua, hakuna aliyemgusa mwenzake. Akaja DJ wa kukodi, sitamtaja, akaona ule ukuta una kivuli kizuri, akaegemeza zile spika kubwa za besi hapohapo, na nyuma yake akawasha jenereta. Mi nikamwona, na mi ndo mtu wa porini, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na sahani. Nyuki hapendi mtikisiko, wanaofyeka nyasi kwa mashine wanalijua hilo. Wimbo wa kwanza wakatoka wachache wakazungukazunguka, wa pili shemeji mmoja akamponda nyuki shingoni, paa, na hilo kofi ndo lilikuwa mwaliko.

Mnajua ni kwa nini? Nyuki akidunga au akipondwa anaachia harufu ya kuwaita wenzake, na hiyo harufu kitu chake kikubwa kinanukia kama ndizi mbivu. Ndizi! Kwetu sisi! Kwa hiyo ukisikia harufu ya ndizi mbivu na hauko karibu na mkungu wowote, hiyo sio baraka ya shamba, kimbia. Na ule mwiba unabaki kwenye ngozi na kifuko chake cha sumu, unaendelea kupampu na kuendelea kunukia, ndo maana aliyedungwa mara moja anadungwa mara ya pili palepale.

Basi pale turubai lote likaondoka. MC bado ana maiki mkononi anasema tulieni wapendwa, tulieni, sijui alikuwa anawaambia nyuki au sisi. Kina mama na vitenge vichwani wakaingia ndani wakafunga mlango, wakatufungia na sisi nje. Mimi na ujuzi wangu wote nikakimbilia mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, nikajilaza kwenye maji, kwa sababu kwenye katuni inafanya kazi. Nawaambieni nyuki anasubiri. Kila nikitoa pua nivute hewa wanaikuta pua. Jioni mke wangu alihesabu miiba 31, amekaa na mimi na taa ya simu anacheka anahesabu. Tukasema fuata nyuki ule asali, wale walinifuata wao na asali sikuiona. Na ile ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, jamani, ndafu ilibaki peke yake mezani katikati ya turubai tupu, imesimama na majani yake mdomoni, inatuangalia tunavyokimbia, imejaa nyuki mgongoni.

Hawa nyuki wetu hawana undugu wa karibu na utani. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki Afrika, wengi Afrika Kusini na kidogo Tanganyika hii, anataka kuzalisha nyuki wanaovumilia joto, mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, wakachanganyika na wa kule, wakapanda nchi moja baada ya nyingine mpaka Texas, Marekani, wakaingia mwaka 1990. Wamarekani wakawaita nyuki wauaji. Sisi tunawaita nyuki tu, na babu zetu hapa walining'iniza mizinga juu ya miti na kuishi nao. Walifanyaje? Walirina usiku! Usiku nyuki haoni vizuri, na kuna baridi, hasira imeshuka, na moshi unaiziba ile harufu ya kuitana. Mchana wa joto ndo ukali wao unapanda. Tunarudi kwenye saa zetu.

Kwa hiyo kesho ukikutana na nyuki mmoja kwenye ua, hana habari na wewe, yuko kazini. Ukikuta kundi limening'inia kwenye tawi kama ndevu, hao wanahama, hawana nyumba wala watoto wa kulinda, mara nyingi ni wapole, waacheni, siku moja mbili wanaondoka, msiwarushie jiwe kupima kama ni wapole. Ila wakianza kukugonga kichwani bila kudunga, hilo ni onyo, rudi ulikotoka taratibu. Wakianza kudunga, kimbia moja kwa moja, usizungukezunguke, usipungepunge mikono, funika uso na shati, ingia ndani ya gari au nyumba ufunge, hata wakiingia wachache na wewe ni afadhali wale wachache. Usijifiche kwenye maji, nimeshawajaribia. Ukishafika salama ng'oa miiba haraka, kwa kucha, kwa kadi ya benki, kwa chochote, watu wanabishana iparuzwe au ivutwe, cha muhimu ni haraka. Nyigu yeye haachi mwiba, anadunga na kurudia, kwa hiyo usitafute.

Halafu kuna mtu ambaye nyuki mmoja anamtosha. Akivimba midomo na uso, akitoka mapele mwili mzima sehemu ambazo hakudungwa, akikohoa na kuvuta pumzi kwa shida, akitapika, hiyo ni aleji, na inakwenda kwa dakika. Msimpe maziwa, msimpake vitunguu, ni hospitali akachomwe adrenalini. Na asiye na aleji akidungwa mara nyingi sana, mamia, naye apelekwe hata kama anasema niko poa, ile sumu inaweza kuja kuziumiza figo baadaye.

Kitu kidogo ila kinatokea kila kiangazi: nyuki wana kiu kama nyie. Wanakuja kwenye bomba linalovuja na kwenye soda. Usinywe soda ya kopo uliyoiacha wazi kwenye nyasi, mimina kwenye glasi uone unachokunywa, kudungwa ulimini au kooni sio mchezo hata kidogo.

Twende kwenye maji yenyewe. Chemka ni salama kwa maana ya mnyama, maji ni meupe mpaka chini, wale samaki watakaowatafuna miguu wanakula ngozi iliyokufa tu, watoto watapiga kelele wataacha. Wasiojua kuogelea wasiige kamba ya kurukia, pale kati kina ni kirefu na hakikuonyeshi kwa sababu maji ni safi, unaona chini unafikiri ni karibu. Lakini mifereji ya mpunga kule Lower Moshi, watoto wakisema tuoge hapahapa, hapana. Kule kuna kichocho, na konokono wanakiachia kile kidudu majini zaidi mchana jua likiwa kali, ambayo ndo saa hasa mtoto anataka kuoga. Aliyeshaingia zamani akapime, dawa ipo. Bwawa la Nyumba ya Mungu kuna mamba na viboko, viboko usiku wanatoka kula majani, kwa hiyo ile romansi ya kutembea ufukweni giza limeingia mwachie kiboko na mkewe. Ziwa Chala mtaliangalia kwa juu, lizuri sana, ila mwaka 2002 upande wa Kenya msichana wa Kiingereza aliyekuwa anaogelea alichukuliwa na mamba, kwa hiyo atakayeniambia Chala haina mamba asinipotezee muda. Na maji ya mito ya upande wa Meru msiyanywe tu kwa kuwa yanang'aa, yana floraidi, sisi tuliokulia Arusha tunatembea na ushahidi mdomoni.

Nyani na tumbili. Nyani wa geti la Ngorongoro, Loduare, wanajua kufungua mlango wa gari, wanajua boksi la chakula linafananaje, na wanajua nani ataachia kirahisi. Akishika kitu muachie, hilo andazi sio lako tena. Usimtazame machoni, usimchekee na meno nje, kwake ni ugomvi huo. Na usimlishe, anayemlisha leo ndo anamtengenezea mwenzake wa kesho shida. Akimng'ata au kumparua mtu, na mbwa asiyejulikana ni hivyohivyo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, halafu hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni cha aibu.

Nyoka sasa, mwenyekiti asije akasema sikuongea. Wengi wanaumwa mguuni, jioni au usiku, na kandambili, njiani kwenda chooni au kihambani. Kifutu ni mzito, hakimbii, anakaa katikati ya njia akitegemea rangi yake imfiche, na wewe unamkanyaga. Tochi na viatu, basi, ndo hotuba yote ya nyoka. Ukiumwa usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi la nyoka ambalo kila ukoo una mzee anayelo, naomba radhi kwa mzee wetu anayelo, halitoi sumu, linachelewesha gari. Mtulize mtu, mguu usitikisike, mfunge kijiti kama aliyevunjika, mbebeni, asitembee, hospitali. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi muda mrefu, usisugue. Na msimletee daktari nyoka mwenyewe kwenye ndoo, imeshatokea, wauguzi wote wakatoka.

Vile vidogo navipitia mbio. Kale kamdudu kekundu na keusi tunakaita nairobi flai hakadungi wala hakaumi, kanakuunguza ukikaponda, kapulize katoke, ukishakaponda osha na sabuni usishike macho. Kanafuata taa, kwa hiyo zima taa ya barazani. Siafu mvua ikinyesha tutawaona njiani, ruka mstari wao, na ukiona wameingia ndani toka wewe, watamaliza mende halafu wataondoka, ni fumigesheni ya bure. Mbu wa malaria ni wa usiku na huku juu ni wachache kuliko bondeni, msiache neti kwa sababu Kibosho kuna baridi. Wa Tarangire, msivae bluu wala nyeusi, mitego ya mbung'o inashonwa kwa rangi hizohizo, kuna dada mmoja niliwahi kumbeba alivaa dera la bluu, alishuka amechoka kuliko gari.

Kwa hiyo kesho gari linaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Sio saa kumi na mbili ya Kichaga ya Desemba, ni ile ya kwenye simu. Saa mbili tuko kwenye maji, saa sita tuko kivulini tunakula, saa tisa tunarudi. Atakayeamka saa nne atatukuta Boma Ng'ombe tunapanda.

Aika mbe, asanteni.

(Hapo nikakaa. Mama mdogo akauliza kuhusu mzinga uliojitengeneza kwenye mparachichi wake, nikamwambia asiuchome na petroli kama alivyoshauriwa, kuna watu wanaofuga nyuki hapo Uru, waje usiku wawahamishe, asali wagawane. Baba mkubwa akauliza, na mbege (pombe yetu ya ndizi) tunabeba au hatubebi. Nikasema tunabeba, ila dumu linakaa kwenye gari na funguo ninazo mimi mpaka wa mwisho atoke majini. Akatikisa kichwa, akamwambia katibu aandike kwamba hoja hii imepingwa.)